Ukuta wa Chumba cha Jedidah

Nyumba ya Mbeyu ilikuwa ya kwanza ya mawe upande wetu wa mlima, na siku ilipoezekwa mabati tulikwenda sote kuitazama kama watu wanaokwenda kumwona mtoto mchanga. Mumewe, Crispus, alikuwa na kazi ya reli kule Voi. Kila alipopata likizo alipanda na saruji, akawasimamia mafundi mpaka jioni. Kijiji chetu kiko juu ya Bura, mahali mashamba yanaponing'inia kwenye mteremko, na anayetaka kiwanja lazima kwanza aukate mlima. Crispus aliukata. Udongo ukasimama wima, naye akaijenga nyumba ikiuegemea, mgongo wa chumba cha kulala umegusana na mlima wenyewe. Tukasema hiyo haitang'olewa na upepo. Ilikuwa mwaka wa sitini na tisa, na hakuna aliyewaza habari ya maji.

Mimi ni Mama Noah, jirani yao. Shamba langu na la Mbeyu yametenganishwa na migomba tu. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu, na mengine alinisimulia mwenyewe, kidogo kidogo, tukipalilia au tukimenya mbaazi.

Ukuta ulianza na vidoa. Vilikuwa vyeusi, vidogo kama mbegu za mchicha, kwenye kona ya chumba. Mbeyu akavipangusa kwa kitambaa akasahau. Mvua za vuli zilipofika vikarudi, sasa vimeungana, vimepanda mpaka usawa wa kitanda, na juu yake pameota kitu cha kijani, laini kama manyoya ya kifaranga. Chumba kikanuka uyoga uliooza. Rangi ilivimba, ukiigusa inakuganda kidoleni. Tunauita ukungu, jina lile lile la ukungu unaotufunika huku juu asubuhi, lakini Mbeyu alikuwa akisema wa nje una haya, jua likitoka unaondoka.

Akausugua kwa majivu. Akausugua kwa magadi na maji ya moto mpaka vidole vikachubuka. Akapaka chokaa. Chokaa ilikaa nyeupe wiki chache, halafu vile vidoa vikachungulia tena kutoka ndani.

Angeweza kuishi na ukuta mchafu, kama wengi wetu tunavyoishi na mambo yasiyopendeza. Lakini alikuwa na mtoto. Jedidah alizaliwa mwaka wa sabini na moja, baada ya mimba mbili zilizoharibika, na tangu alipoanza kutambaa kifua chake kilikuwa na sauti. Mvua zikinyesha sauti ile inakuwa mluzi. Mtoto anakaa kitini ameinama mbele, mabega yamepanda, shingo imeingia ndani kila anapovuta pumzi, na macho anakutazama wewe mkubwa kama kwamba pumzi umeishika wewe.

Mbeyu alimhamisha kitanda, akakiweka katikati ya chumba. Haikusaidia. Chumba cha pili kilikuwa cha mama mkwe wake, Lois, aliyepooza upande mmoja, anayegeuzwa na kulishwa na kuoshwa na Mbeyu mwenyewe, na chumba hicho nacho kilikuwa na unyevu wake, sawa na sebule. Akajaribu kumlaza mtoto jikoni, kwenye kibanda cha nje. Moshi ukamfanya vibaya zaidi.

Jedidah alipofika miaka minne alizidiwa, na mimi nilimsindikiza Mbeyu hadi zahanati. Daktari, kijana mpole, aliweka kile chombo chake mgongoni mwa mtoto akasikiliza kwa muda mrefu.

"Analala wapi huyu?" akauliza.

Mbeyu akamweleza habari za ukuta.

"Mama, hii ni pumu. Dawa nitakupa, lakini dawa haiwezi kushindana na ukuta huo kila siku. Kifua chake hakitaki ukungu, na hakitaki moshi. Huna mtu huko chini, mahali pakavu?"

"Baba yake yuko Voi."

"Basi mpeleke Voi. Mpeleke mapema."

Njiani Jedidah alikuwa mgongoni kwa mama yake, ametulia kwa sababu ya sindano, anahesabu mbuzi wa watu. Tulipofika kwenye migomba Mbeyu akasimama.

"Mama Noah, nikimpeleka, nani atamgeuza mama?"

Nikamwambia asiende yeye, aende mtoto. Ilionekana jambo rahisi. Crispus ana chumba kwenye nyumba za reli, Voi ni vumbi na jua mwaka mzima, ni kwa muda tu mpaka ukuta utengenezwe. Crispus alipokuja mwisho wa mwezi hakubisha hata kidogo. Alisema kuna jirani yake, mwanamke mwema, atakayemwangalia mtoto akiwa zamu. Mbeyu akamfunga Jedidah sweta mbili, akamsuka upya, akateremka nao hadi stesheni ya Bura. Mtoto alifurahi mno kupanda treni. Hakugeuka kuaga.

Siku zile Mbeyu alikuwa akisimama kwenye ukingo wa shamba na kutazama tambarare kule chini, nyekundu, inayokwenda mpaka macho yachoke. Voi haionekani kutoka kwetu. Alitazama hivyo hivyo.

Baada ya mavuno aliniomba nimshikie mama mkwe kwa siku moja, akajaza kikapu kabichi na mbaazi, akaenda. Hakuwa amempelekea Crispus habari. Alifika nyumba za reli saa za mchana, akauliza, akaonyeshwa. Kwenye kibaraza palikuwa na mwanamke anashona kwa cherehani, mwanamke wa makamo kama yeye, na aliyeegemea goti lake, akimpa vifungo kimoja kimoja kutoka kwenye kopo, alikuwa Jedidah.

Mtoto alikuwa amenenepa. Miguu ilikuwa na vumbi hadi magotini. Alimwona mama yake, akapiga ukelele, akamrukia. Mbeyu akamgeuza pale pale, akaweka sikio mgongoni pake, akasikiliza. Hakukuwa na mluzi. Hewa ilikuwa inaingia na kutoka kama kwa watoto wote.

Yule mwanamke alikuwa ameinuka. Akamtua kikapu, akampa maji, akaketi kwenye mkeka, cherehani akakiacha.

"Mimi ni Syombua," alisema. "Wewe ni mama yake."

"Mimi ndiye. Wewe ndiye jirani."

Syombua akamtazama. "Jirani wa nani?"

Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Mbeyu aliona koti la kazi la Crispus limetundikwa pamoja na leso za kike, akaona kitanda kimoja kikubwa na kingine kidogo, na juu ya kile kidogo foronya iliyotariziwa jina la Jedidah.

"Hakukwambia," Syombua akasema.

"Hakuniambia."

"Mimi aliniambia unajua. Alisema umekubali, kwa sababu huwezi kumwacha mama yake. Dada, naapa, aliniambia unajua."

Mbeyu alinieleza kwamba alitaka kumchukia mwanamke yule, na alijaribu, lakini Syombua naye alikuwa amedanganywa kama yeye. Syombua hakuwa na mtoto. Alikuwa Mkamba, wazazi wake waliletwa Voi na kazi ya mkonge, na alikuwa akiishi na Crispus tangu kabla ya Jedidah kuzaliwa. Akamwonyesha Mbeyu dawa za mtoto, alivyozipanga juu ya kabati. Akamwambia mtoto alizidiwa mara moja tu tangu aje, siku walipochoma takataka.

"Ukitaka kumchukua leo, mchukue," akasema. "Sina la kusema."

Mbeyu alikaa pale kibarazani mpaka gari la kurudi likakaribia. Kisha akambusu mtoto, akachukua kikapu kitupu, akaondoka peke yake.

Aliporudi hakuja kwangu. Alikwenda moja kwa moja chumbani kwa mama mkwe, nami nilikuwa ndani namlisha bibi kizee uji, kwa hiyo nilisikia.

"Mama," akasema, "ulijua?"

Lois hakuuliza anazungumzia nini. "Nilijua."

"Tangu lini?"

"Ningekwambia ungeondoka," akasema yule mzee. Ulimi wake ulikuwa mzito, maneno yalitoka pole pole. "Nani angenigeuza?"

Mbeyu akanipokea bakuli. Akamfuta mama mkwe kidevu, akaendelea kumlisha kutoka pale nilipoachia. Nilitoka nje nikalia mimi.

Tangu hapo vita vyake na ukuta vikawa vingine. Mwanzoni alikuwa akiusugua kama mtu anayefanya usafi. Sasa aliusugua kama kwamba mtoto amefungiwa nyuma yake. Alisema nami waziwazi: ukuta ukikauka, Jedidah anarudi nyumbani. Crispus alikuwa akija mara moja kwa miezi mingi, anakaa sebuleni kama mgeni, anaondoka. Kuhusu Syombua alisema maneno machache, kwamba mwanamume akiwa mbali ni mbali. Mbeyu alimwomba kitu kimoja tu, alete mafundi waufungue ukuta.

"Nyumba haina kasoro," Crispus akasema. "Ni hali ya hewa ya huku. Na mtoto ni mzima. Tatizo liko wapi?"

"Tatizo ni kwamba hayuko hapa."

Mwaka wa sabini na nane, katika masika makubwa, Lois alifariki. Crispus akaja kumzika mama yake na akamleta Jedidah, mtoto wa miaka saba sasa, ana meno mapya mbele. Walilala pale siku ya mazishi. Kulipopambazuka nilimwona Mbeyu anapita kwenye migomba yangu anakimbia, mtoto mgongoni, midomo ya mtoto ina rangi ya majivu. Tulishuka naye mlima mzima kwenye utelezi, tukibadilishana. Zahanati walimwokoa. Kutoka hapo hapo Crispus, aliyekuwa ametufuata, akapanda naye gari kwenda Voi, na Mbeyu akabaki kando ya barabara na shuka aliyokuwa amemfungia mgongoni, imelowa.

Nilimwambia siku ile, "Mzee amekwenda. Hakuna kinachokushika tena. Shuka ukaishi na mwanao."

"Nishuke niwe mgeni wa nani?" akajibu. "Nikae kibarazani kwa Syombua? Nyumba yangu ni hii. Mtoto anatakiwa arudi kwake."

Mvua zilipopungua akaanza kuchimba. Alikuwa ametambua jambo ambalo sote tulipaswa kulitambua mapema: hata wakati wa kiangazi, ule udongo nyuma ya nyumba ulikuwa unatoa maji ukiukamua mkononi. Ukuta haukuwa mgonjwa. Ulikuwa unaunywa mlima. Basi akauchimba mlima autenge na nyumba. Kila siku baada ya kazi za shamba alishika jembe na karai, anakata udongo, anaubeba, anaumwaga kwenye bonde. Jumamosi tulikwenda kumsaidia, wanawake wa kikundi cha kanisa, na mpwa wake Mwandawiro akaja na mtaimbo wa kung'olea mawe. Lakini sehemu kubwa aliifanya mwenyewe. Alipata mfereji ambao mtu anaweza kupita bila kugusa pande zote mbili, akautandika kokoto, akaupa mwelekeo wa kuteremsha maji hadi kwenye migomba.

Halafu akaingia chumbani akaubandua ukuta. Plasta yote ya Crispus aliitoa kwa panga na patasi, mpaka mawe yakabaki uchi. Ndani ya chumba mlikuwa kama pangoni. Aliacha hivyo kiangazi chote, dirisha wazi, jiko la makaa linawaka mchana kutwa chumba kikiwa hakina mtu.

Crispus alikuta hali hiyo. "Umeivunja nyumba yangu," alisema, na sauti yake ilisikika mpaka kwangu.

"Nimevunja ukuta uliotaka kumuua mwanangu."

Alisimama ndani ya chumba kile akatazama mawe, kisha akatoka akaenda kuutazama mfereji. Nadhani aliona aibu. Alirudi Voi siku ile ile, lakini safari iliyofuata alileta mifuko ya chokaa na fundi mmoja. Ukuta ukapigwa plasta mpya. Dirisha likapanuliwa.

Mbeyu hakuuamini upesi. Alisubiri vuli ipite. Kila asubuhi aliweka kiganja chake juu ya ukuta, akaanzia chini hadi mkono unapofika. Masika ya mwaka wa themanini yalikuja yakaisha, na ukuta ulikuwa mkavu kama sahani. Aliniita niuguse. Niliugusa, tukacheka sote wawili, na sijui ni lini kabla ya hapo nilikuwa nimemsikia akicheka.

Jedidah akaja likizo ya Agosti. Sisi kwetu Agosti ni baridi na manyunyu, kwa hiyo ilikuwa mtihani wa kweli. Mbeyu alikuwa amenunua godoro jipya, ameshona pazia. Siku ya kwanza ilipita, na ya pili, na wiki ikaisha. Mtoto alipumua. Nilikuwa nikienda asubuhi kuuliza kama amelala vizuri, na Mbeyu ananijibu kwa kuitikia kwa kichwa tu, kama anayeogopa kulitamka.

Lakini mtoto alikuwa mgeni. Alikuwa na adabu ya mgeni, anakula kila anachopewa na kushukuru, anakaa mahali alipoonyeshwa. Mbeyu alimsemesha Kidawida, lugha yetu, naye alijibu kwa Kiswahili. Siku moja alikuja kwangu kuazima chumvi, nikamuuliza ametumwa na nani. "Na mama wa mlimani," akasema, bila ubaya wowote, kama vile mtu anavyotaja njia.

Siku iliyofuata, mchana, alikuwa anakimbia na wanangu kwenye njia ya mtoni akaanguka kwenye changarawe. Goti lilichanika vibaya. Mbeyu alikuwa shambani karibu. Alitupa jembe akaja mbio, mikono ameifungua, anamwita. Mtoto alikuwa amekaa chini anapiga mayowe, na alichokuwa akiita ni "Mwaitu! Mwaitu!" Ndivyo Wakamba wanavyomwita mama. Mbeyu alipiga magoti mbele yake, akamkumbatia, na Jedidah, akiwa ndani ya mikono hiyo, aliendelea kutazama njia iliyo nyuma ya mama yake, akiita.

Mbeyu alimwosha goti, akamfunga kitambaa. Jioni aliketi naye mlangoni.

"Jedidah, unataka kurudi Voi?"

Mtoto alifikiri. "Nikisema ndiyo, utalia?"

"Sitalia."

"Ndiyo."

Walishuka kesho yake. Syombua aliwaona kutoka mbali, akasimama na kitambaa anachoshona mkononi. "Likizo haijaisha, dada," akasema.

"Najua," Mbeyu akajibu, na akakabidhi mfuko wa nguo. Nguo zilikuwa zimefuliwa na kukunjwa. Aliwaachia na ndizi.

Hakulia mbele ya mtoto. Aliporudi alilala mchana, jambo ambalo hakuwa amewahi kufanya, amelala chumbani mle kwenye godoro la mtoto, uso ameuelekeza ukutani. Nilimpelekea uji akaukataa. Nilikaa naye tu.

Miaka ikaenda. Jedidah alikuja kila Krismasi kwa siku chache. Ukame wa mwaka wa themanini na nne ulipoikausha tambarare yote, na watu wa Voi wakawa wanatafuta chakula, Mbeyu alikuwa anashuka kila mara na gunia la viazi vitamu na mihogo, kwa sababu mlima ulikuwa bado unatoa kitu. Hakuchagua nani ale. Crispus alikula, Syombua alikula.

Katika safari mojawapo Syombua alimwambia Jedidah, "Msindikize mama yako stendi." Alikuwa na miaka kumi na mitatu, amemzidi Mbeyu urefu, amevaa sare ya shule. Walitembea hadi karibu na stendi. Hapo msichana akasimama.

"Mama," akasema, na alisema mama tu, bila mlima, "kwa nini ulinitoa?"

"Sikukutoa. Ulikuwa hupumui. Chumba kilikuwa na ukungu, ukuta mzima, daktari akasema..."

"Sikumbuki," Jedidah akasema. "Najaribu kukumbuka nikiumwa, sikumbuki hata kidogo. Nakumbuka treni. Nakumbuka ulibaki chini."

"Nilikuwa na nyanya yako. Alikuwa hawezi kujigeuza."

"Na alipokufa?"

Mbeyu alinisimulia haya tukimenya mbaazi, siku ile ile aliporudi. Nilimuuliza alijibu nini. Akasema konda alikuwa anaita, watu wanapanda, na msichana alikuwa anasubiri kweli, hakuwa anauliza kwa hasira.

"Ningemwonyesha nini, Mama Noah? Akija anakuta ukuta mweupe."

Alimwambia msichana arudi nyumbani kabla jua halijawa kali, akampa leso yake ajifunike kichwa. Kisha akapanda gari, akapata kiti cha upande ule mwingine, usioelekea stendi, na hakuona kama Jedidah alibaki kumpungia mkono au la.